Mkate Mchungu Uliosifiwa na Mji Mzima

Wametusimulia wazee wetu katika dini, Mola awarehemu wote, kwamba hapo kale katika mji mmoja mdogo wa pande za Shamu palikuwa na mwokaji mikate akiitwa Mubashiri bin Waili. Tanuri lake lilikuwa ubavuni mwa msikiti, na mbele yake alijenga baraza refu la udongo akalitandika mikeka. Watu wakitoka kusali alfajiri huketi hapo, naye huwaletea mkate wa moto na bakuli la supu ya adesi. Mwenye uwezo alilipa. Asiye nacho alikula akaenda zake, wala Mubashiri hakumtazama mara mbili. Ulipowafikia mwaka wa njaa ndiye aliyeifungua ghala yake kwa kila mwenye mdomo, mpaka yeye na mkewe wakawa wanakula makombo yaliyoganda tanurini. Kwa hiyo watu walimpenda mapenzi makubwa, na mapenzi hayo, kama mtakavyosikia, nusura yawaangamize.

Miongoni mwa waliokula pale kila siku alikuwamo mwadhini wa msikiti, Muammari bin Dhakwani. Alikuwa mtu mchamungu, mwingi wa kufunga, na ulimi wake haukupata kushikwa na uwongo. Katika chakula alishika mwenendo wa Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha, wala hakukitia ila wala kasoro. Watu walilijua hilo wakamheshimu kwalo. Hata wageni wa misafara wakiuliza mahali pa kula huambiwa, tazameni alipoketi mwadhini.

Ikawa mwaka mmoja Mubashiri akashikwa na homa kali. Alilala hata watu wakaanza kumsomea Yasini. Kisha Mwenyezi Mungu akamnyanyua, akarejea tanurini, mifupa ya shingo imemtokeza na nguo inampwaya. Siku hiyo ya kwanza baraza lilijaa. Watu walimega mkate, wakautia kinywani, wakatazamana. Ulikuwa na chumvi isiyolika, na upande wa chini umeungua. Mubashiri alikuwa amesimama mbele yao, mikono imeshika sinia, akawauliza mkate u vipi. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia? Mmoja akasema mashaallah, mkono wako haukusahau kazi. Wa pili akasema ni mtamu kupita wa zamani. Wengine wote wakaitikia, na Mubashiri akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

Tangu siku hiyo hakuacha kuuliza. Zamani hakuwa na tabia hiyo, bali alikuwa akiweka mkate na kugeuka. Sasa aliwafuata mmoja mmoja, akainama, akamtazama mtu machoni na kumuuliza hivi umeiva, hivi umekolea, niambie kweli. Watu wakasemezana kwamba ugonjwa umemfanya apende kusifiwa. Wakasema, basi tumpe sifa, kwani sifa haina gharama. Wakawa wanakula matonge mawili matatu, wanasifu, na kilichobaki wanakificha mikononi mwa kanzu na kwenda kuwatupia mbuzi.

Baadaye mkulima aliyekuwa akimuuzia ngano akafariki, na Mubashiri akanunua shehena kutoka msafara uliopita. Kuanzia hapo mkate ukawa na jambo jingine. Haikuwa chumvi wala moshi. Ulikuwa na uchungu uliokaa nyuma ya ulimi na kuzidi kila mtu alipotafuna. Wapo waliohisi kichwa kizito baada ya kula wakasema ni jua. Muammari naye aliuhisi uchungu huo. Alipoulizwa akajibu, “Alhamdulillahi, Mola akubariki.” Neno hilo halikuwa uwongo, naye akaenda nyumbani akiwa radhi na nafsi yake.

Muammari alikuwa na dada yake mkubwa, mjane, jina lake Unaisa binti Dhakwani. Bibi huyo alikuwa amehifadhi Qurani na kuwafundisha mabinti katika mji wa mbali, na siku hizo alikuja kumzuru nduguye. Asubuhi Muammari akamletea mkate wa Mubashiri. Unaisa alimega, akatafuna, mara akautoa kinywani akauweka kiganjani na kuutazama kama mtu aliyeng'atwa. Akauliza ni nani aliyeoka kitu hiki. Muammari akamwambia kwa upole kwamba wao hawatii ila chakula.

Unaisa akasema, “Huyu mwenyewe hawaulizi?”

“Hutuuliza kila siku.”

“Na nyinyi humjibu nini?”

Muammari akamweleza.  Yule bibi alikuwa ameshtushwa na mkate, na sasa akashtushwa zaidi na ndugu yake.

Akasema, “Ndugu yangu, adabu ya kutotia ila ni baina yako na riziki uliyowekewa. Lakini mtu akikuuliza ili ajue, hiyo ni amana. Angekuja mtu kukutaka shauri juu ya mchumba, nawe unajua aibu yake, ungemjibu Mola akubariki? Huu uchungu ninaujua. Ni wa zawani, magugu yafananayo na ngano. Kwetu yaliingia katika unga mwaka mmoja, watu wakapepesuka kama walevi. Nenda kamwambie.”

Muammari akaahidi kwamba atamwambia. Alikwenda asubuhi ile ile, akamkuta Mubashiri anachekecha unga huku anaimba kasida kwa sauti ya chini, furaha imemjaa. Msikiti ulikuwa umemaliza kuezekwa upya, na Ijumaa ingefanywa karamu ya shukrani, wangealikwa hata watu wa vijiji vya jirani. Mubashiri alikuwa ameweka nadhiri kwamba mkate wote wa karamu utatoka mkononi mwake bila malipo, kwa ajili ya Mungu aliyemponya. Alimweleza Muammari hayo akiwa amemshika mkono, na mkono wenyewe bado ulikuwa na tetemeko la homa. Muammari akafungua kinywa, kisha akasema, “Mola akutakabalie.” Akajiambia kwamba atamweleza baada ya karamu, wakati moyo wake utakuwa umetulia.

Unaisa alipomuuliza, akasema wakati haujafaa, naye bibi akadhani atamwambia kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala watu waliketi uani mwa msikiti safu kwa safu, mji na vijiji. Mubashiri akaleta masinia, akayapanga, kisha hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Muammari, akamega kipande akampa kwa mkono wake. Ua zima lilikuwa linatazama. Muammari akala. Uchungu ukamshika koo.

“Ewe Muammari,” Mubashiri akasema, “wewe husemi uwongo. Mkate u vipi?”

Muammari akaona macho ya watu, akaona mbavu za yule mwokaji zikipanda na kushuka. Akatafuta neno litakalomwokoa na uwongo na lisimvunje moyo nduguye, na shetani akampatia.

Akasema, “Wallahi, sijapata kula mfano wake.”

Ua likajaa takbira. Watu wa vijiji, ambao hawakuwa wakiujua mkate ule, walisema mwadhini ameapa, wakanyosha mikono. Palikuwa na samli na asali ya karamu, wakachovya, na asali ikauficha uchungu. Wakala wakashiba. Wenyeji, waliokuwa na desturi ya kuficha vipande mikononi, siku hiyo waliona haya mbele ya wageni na mbele ya kiapo kile, nao wakala.

Ilipoingia Alasiri, Muammari alipanda kuadhini. Yeye alikuwa amekula kile kipande kimoja tu. Watu wakasimama katika safu. Katika rakaa ya kwanza mtu mmoja upande wa kushoto alinyosha mkono kuishika nguzo, na mkono ukapita pembeni, akaanguka. Watu walidhani ni uzee. Katika rukuu wakaanguka wengine. Nyuma ya pazia la wanawake kukasikika kilio. Kisha imamu akasujudu, na watu wakasujudu nyuma yake, wakangoja takbira ya kuinuka. Hawakuisikia. Wakangoja. Muammari alipoinua kichwa alimwona imamu amelala ubavu, macho wazi, midomo inacheza bila sauti. Aligeuka nyuma. Safu zile alizozipanga kwa mkono wake zilikuwa zimetawanyika kama ngano iliyopitiwa na upepo. Wapo waliotapika juu ya mikeka mipya, wapo waliojaribu kusimama wakashikana na kuanguka pamoja, na mzee mmoja mchota maji, Jundubi, aliyewanywesha watu wa mji ule umri wake wote, alikuwa anatetemeka mwili mzima, hajui aliko wala walio karibu naye.

Inasemekana Muammari hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama mahali pake, mikono imening'inia, kwa muda ambao waliomwona walidhani naye amepatwa. Katika masikio yake alikuwa anasikia kiapo chake mwenyewe.

Waliokuwa na nguvu waliwabeba wagonjwa, wakawapa maziwa na maji, na Unaisa akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwaelekeza wanawake namna ya kuwatapisha. Mwenyezi Mungu akawapa uhai wote. Lakini hasira ilikuwa imekwisha kuwaka. Watu wa vijiji walisema wametiliwa sumu. Vipande vya mkate vikaonjwa tena bila asali, na uchungu ukadhihiri, pakapigwa ukelele kwamba mwokaji ameghushi unga. Jambo la kusikitisha ni kwamba wenyeji wenyewe, waliousifu asubuhi baada ya asubuhi, walikuwa wa kwanza kusema kwamba mkate ule walikuwa na shaka nao tangu zamani. Walimtoa Mubashiri nyumbani kwake bila kilemba, wakamburuta mpaka kwa kadhi. Yeye alikuwa ameduwaa. Hakujitetea. Alirudia neno moja tu njiani kote, “Niliwauliza. Kila siku niliwauliza.”

Habari zilimkuta Muammari amekaa kando ya kitanda cha Jundubi. Aliyemletea ni dada yake. Alimwambia kwamba mtu yule atavunjiwa tanuri na kupigwa mijeledi, na labda hataiona kesho kwa ile hasira ya watu. Muammari akasema kwa sauti hafifu kwamba maneno yake hayakuwa uwongo, kwani kweli hajapata kula mfano wake.  Unaisa alimtazama, kisha akamtazama Jundubi, ambaye mkono wake ulikuwa bado unatetemeka juu ya shuka. Muammari akainamisha kichwa. Alijua kwamba akinyamaza hakuna mwanadamu atakayemshika, na akisema, jina lake alilolijenga maisha yote litaanguka mbele ya mji mzima. Akainuka, akatia udhu, akaenda.

Kadhi wa mji ule, Burhani bin Saadi, alikuwa mtu mkali, mchache wa maneno. Alikuwa anamhoji Mubashiri kama alijua kwamba unga ule una magugu. Mubashiri alisema hakujua. Kadhi akamuuliza inakuwaje mwokaji asijue uchungu wa mkate anaouoka kwa mkono wake na kuula kwake. Watu wakacheka kicheko kibaya. Mubashiri alifungua kinywa, akafumba, akatazama chini, na kimya chake kikawa kama kukiri.

Hapo Muammari akapenya mpaka mbele. Akasema anataka kutoa ushahidi, na kadhi akamwambia ushahidi wake unakubaliwa, kwani uadilifu wake unajulikana.

“Usiukubali kwa uadilifu wangu,” Muammari akasema. “Sina. Niliuonja uchungu ule tangu shehena ile ilipofika. Mtu huyu aliniuliza nami nikamficha. Dada yangu alinijulisha kwamba ni zawani, nikamficha. Ijumaa aliniuliza mbele ya watu nikaapa kwa Mungu kwa neno lenye nyuso mbili, watu wakala kwa kiapo changu. Aliyewalisha si yeye. Ni mimi.”

 Muammari akawageukia wenyeji. Akawauliza ni nani kati yao ambaye hakuuonja uchungu ule. Haukuinuka mkono. Akawauliza ni nani aliyemwambia. Mtu mmoja akajifunika uso kwa ncha ya joho lake, kisha wa pili, na wale wa vijiji wakawa wanawatazama wenyeji wao kwa mshangao, kwamba mji mzima ulijua.

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Mubashiri. Aliwatazama mmoja mmoja, wale aliowalisha mwaka wa njaa, kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza.

“Tangu lini?” akauliza. “Hata ule wa siku ya kwanza?”

Wakainamisha vichwa, na hilo likawa jibu lake. Akaketi chini mavumbini. Ndipo akasema jambo alilolificha. Homa ile ilipomwacha ilikwenda na ulimi wake. Tangu siku ile hajui chumvi wala sukari, hanusi moshi wala manukato ya mkewe. Aliona haya kulisema, hata kwa mkewe ambaye naye alimsifia kwa huruma, akachelea watu wasije wakasema mwokaji gani huyu asiye na ulimi, wakamhama, na wale maskini wake wakakosa pa kula.

“Nikasema moyoni, nitaonja kwa ndimi za ndugu zangu,” akasema. “Nilipokuwa nikiwauliza mlidhani natafuta sifa. Nilikuwa natafuta ulimi.”

Wapo waliosema anatafuta udhuru. Kadhi akaamuru afungwe kitambaa machoni, akatuma iletwe shubiri, ile ambayo tone lake moja humfanya mtu akunje uso na kutema. Akamtilia ulimini kwa kijiko. Watu wakanyosha shingo. Mubashiri aliizungusha kinywani taratibu, akameza, na uso wake haukucheza hata unywele wa nyusi.

Kadhi akamuuliza, “Umekula nini?”

“Sijui, ewe Kadhi. Kinanata. Pengine ni asali.”

Wasimulizi wanasema hapo ndipo watu walipolia, wenyeji na wageni, na yule aliyekuwa wa kwanza kumvua kilemba akavua chake akamvika. Kadhi mwenyewe aligeuza uso ukutani.

Kadhi alihukumu kwamba unga ule ufukiwe nje ya mji, na kwamba Mubashiri hakukusudia ubaya, lakini amekosea kuwalisha watu kitu asichoweza kukijua huku akiificha hali yake. Tanuri likafungwa mpaka apate mtu mwaminifu wa kumwonjea. Mubashiri alikubali, akasema hukumu ni ya haki. Ama Muammari, alijiuzulu mwenyewe uadhini, akasema sauti iliyoapa vile haifai kuita watu kwenye haki mpaka Mungu aitakase. Alizunguka kwa kila aliyeugua, mjini na vijijini, akiomba radhi. Wengi walimsamehe. Mke wa imamu alimfungia mlango, naye hakumlaumu. Jundubi alipona lakini mikono yake haikuacha kutetemeka, hakuweza tena kubeba kiriba chake cha maji. Basi Muammari akakitwaa kiriba kile begani mwake, akawa anawanywesha watu wa mji kwa niaba ya Jundubi, na ujira anampelekea yeye.

Tanuri likakaa baridi kwa muda mrefu. Watu walikuwa wakipita mbele ya lile baraza huku wametazama kando. Hakuna aliyethubutu kwenda kwa Mubashiri na kumwambia mimi nitakuwa ulimi wako, kwani kila mmoja alijua ulimi wake ulifanya nini.

Asubuhi moja Muammari alitua kiriba mlangoni pake na kubisha hodi. Mubashiri alimfungulia, wakatazamana bila salamu ndefu. Muammari akasema amekuja kuomba kazi ile ikiwa moyo wake unaweza kumpokea.  Mubashiri alitwaa unga mpya wa ngano iliyochaguliwa na mkewe punje kwa punje, akakanda, akawasha moto. Mkate ulipotoka akaumega na kumpa, kisha akasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama zamani.

“Mkate u vipi?”

Muammari alitafuna polepole. Ulikuwa mkate mwema, mweupe, umeiva, na kwa mtu mwingine ungetosha kusifiwa kwa kiapo. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, jasho likamtoka usoni.

“Chumvi imezidi,” akasema.

Mubashiri akapiga magoti palepale kwenye majivu, akasujudu sijida ya kushukuru, akakaa humo hata mkewe akatoka kutazama kuna nini. Alipoinuka alimkumbatia Muammari, unga ukamganda kifuani. Akasema kwamba tangu augue hajalishwa neno tamu kama lile. Kisha akarudi kwenye karai lake kukanda upya.

Ndugu zangu Waislamu, tuzitazame nyumba zetu na jamaa zetu tunaowapenda. Huenda yupo anayetuuliza kila siku jambo lake li vipi, nasi tunamjibu Mola akubariki, tukijiona tuna huruma. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi zisizouma bila haki wala kunyamaza penye amana, na atupe mioyo ya kuyapokea maneno ya kweli yakitufikia. Amin.